Alasiri ya Wanawake Sinemani



Wasomaji wetu wapenzi, mwezi uliopita lilifika hapa Mumbuni sanduku dogo la bati kutoka Mombasa. Lilikuwa la nyanya yetu, nalo lilikuwa limesahauliwa chini ya kitanda kwa miaka mingi katika nyumba ya ndugu yake huko Mji wa Kale. Tulilifungua mbele yake huku tukitaraji dhahabu, kama watu wote wanavyotaraji wakiona sanduku la mzee. Tulikuta tasbihi iliyokatika uzi, picha mbili za harusi, chupa tupu ya marashi, na bahasha yenye vipande vya tikiti za sinema, wekundu wake umefifia ukawa rangi ya waridi. Nyanya aliviacha vyote vingine, akaitwaa ile bahasha. Alivihesabu vipande kwa ncha za vidole, maana macho yake hayaoni vizuri tena, kisha akasema: "Hizi ni za alasiri ya wanawake."

Wajukuu waliangua kicheko. Nyanya wanayemjua wao ndiye anayeamuru televisheni izimwe kabla adhana haijaanza, na anayeuliza kila mara mtoto aliye kitandani na simu anatazama nini. Sinema na Nyanya wapi na wapi? Basi aliwanyamazisha kwa mkono, akaanza kusimulia, na kahawa ikapoa.

Nyanya aliletwa Machakos kwa ndoa. Mji huu, kwa wasioujua, una udugu wa zamani na pwani. Misafara ya watu wa pwani ilipita Ukambani kabla ya reli, na Waingereza waliufanya Machakos makao ya utawala wao barani kabla ya kuhamia Nairobi mwaka 1899. Wako waliokuja na misafara hiyo wasirudi. Kwa hiyo bibi harusi wa Kimvita hakukosa watu wa kuzungumza naye alipofika. Alichokikosa, kwa maneno yake mwenyewe, ni bahari na sinema. Bahari tulitaraji aitaje; la pili hatukulitaraji.

Wasichana wetu wa leo hawajui kwamba katika miji ya Lamu, Mombasa na Unguja majumba ya sinema yaliweka zamu ya wanawake peke yao, aghalabu mchana au alasiri. Zamu hizo ziliitwa zanana, neno lililokuja na Wahindi, lenye maana ya upande wa nyumba unaokaliwa na wanawake. Jina lilifaa. Ukumbi mzima wa mamia ya viti uligeuka kuwa ua wa ndani. Nyanya anasema walitoka baada ya sala ya adhuhuri, makundi kwa makundi, mama na binti, shangazi na mpwa, jirani na jirani, kila mmoja ndani ya buibui lake, wakapita njia za uchochoroni ili wasikutane na wanaume wa barazani. Walipoingia na mlango ukafungwa, mabuibui yalivuliwa. Hapo ndipo mtu alipoona kanga mpya za mjini, mikufu, hina iliyopakwa jana, na nani ana mimba na nani amepatana tena na wifi yake. Watoto wachanga walilia, karanga zilipita mkono kwa mkono, na mwanamume wa pekee katika jumba zima alikuwa mwendesha mashine, aliyefungiwa katika chumba chake cha juu chenye tundu dogo la kupitisha nuru.

Tukumbuke zama zenyewe. Kwa mwanamke aliyewekwa ndani, safari halali zilikuwa chache: arusi, matanga, kuzuru wagonjwa na kuzuru jamaa. Alasiri ya sinema iliongezwa katika orodha hiyo, na waume wengi waliiridhia kwa sababu walijua kwamba ndani hamna mwanamume. Mwanahistoria Laura Fair, aliyewahoji wazee wengi wa Unguja na wa Tanzania bara juu ya mambo haya na kuyaandika katika kitabu chake cha mwaka 2018, Reel Pleasures, ameonyesha jinsi sinema ilivyokuwa jambo la familia nzima katika miji yetu. Watu walivaa nguo zao bora, na habari za filamu zilizungumzwa siku nyingi baada ya kutazamwa. Walizitumia kujadili mambo yaliyokuwa magumu kusemwa nyumbani: ndoa ya kulazimishwa, mkwe mkorofi, mume mlevi, mapenzi na heshima ya wazazi.

Filamu zenyewe nyingi zilikuwa za Kihindi, na baadhi za Kimisri, ambamo mtu aliweza kumwona Umm Kulthum akiigiza na kuimba. Za Wazungu pia zilikuwapo, lakini Nyanya anasema hizo ziliwapendeza zaidi vijana wa kiume. Kihindi hakikutafsiriwa kwa Kiswahili popote kwenye pazia. Walitafsiriana wenyewe. Katika kila safu alikuwapo mwanamke mmoja aliyetazama filamu nyingi mpaka akakishika Kihindi bila mwalimu, naye alieleza kwa sauti, wengine wakasikiliza, na safu ya nyuma ikampinga kwamba hakusema hivyo. Nyimbo zilitoka nao mlangoni. Ni kwa mlango huo huo kwamba mahadhi ya Kihindi yaliingia katika taarabu ya Mombasa, na marehemu Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, alikuwa bingwa wa kuyavisha maneno ya Kiswahili. Waliomsikiliza katika kaseti bila kujua nyimbo hizo zilitoka filamu gani ni wengi. Nyanya anazijua karibu zote.

Majina ya majumba anayataja kama mtu ataje ndugu zake: Regal, Naaz, Majestic, Moons. Ukimwuliza kila moja lilikuwa na nini, atakuambia moja lilikuwa na viti vizuri, jingine lilikuwa na mapanya, na moja lilikuwa na mlinda mlango mwenye roho nzuri aliyewaacha watoto wapite bure. Mji wa Mombasa ulikuwa na fahari ya majumba hayo. Leo anayetaka kutazama filamu katika ukumbi huvuka daraja kwenda Nyali, penye maduka makubwa na maegesho ya magari. Mwenye kwenda kwa miguu kutoka Kuze au Mji wa Kale hana lake huko.

Unguja hadithi yake ni ndefu zaidi na majengo yake ni mazuri zaidi, tuseme kweli hata kama Wamvita watatukasirikia. Huko Vuga palijengwa jumba la Royal mwaka 1921. Liliungua moto katika miaka ya 1950, na mahali pake pakainuka Majestic, mwaka 1955, kwa mtindo wa kisasa wa siku zile, lenye mistari iliyonyooka na kona za mviringo. Upande wa Malindi lilikuwapo Sultana, ambalo baadaye liliitwa Cine Afrique. Filamu ikifika ikiwa nakala moja tu na majumba mawili yakaitaka jioni ile ile, haikuwa taabu: mkebe wa kwanza ukishaonyeshwa hapa, kijana wa baiskeli aliuchukua akaupeleka kule, akarudi kuchukua wa pili. Kila mkebe ni dakika 20 hivi. Baiskeli ikipata pancha, ukumbi mzima ulijua, na watu walipiga miluzi mpaka mkebe ufike.

Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 serikali iliyatwaa majumba ya Unguja, na baadaye uagizaji wa filamu Tanzania nzima ukawa mikononi mwa shirika la umma. Zanzibar ikapata televisheni mwanzoni mwa miaka ya 1970, miaka ishirini kabla ya Tanzania bara. Katika miaka ya 1980 fedha za kigeni zilikuwa adimu, nakala mpya hazikuagizwa kwa wakati, na zile za zamani zilionyeshwa mpaka zikachanika. Kisha ikaja video. Mtafiti Minou Fuglesang, aliyekaa Lamu katika miaka hiyo na kuandika kitabu juu ya wasichana wa huko mwaka 1994, aliwakuta wakikusanyika majumbani kutazama filamu za Kihindi kwa kanda. Hapakuwa na haja tena ya kutoka. Mama aliyezoea kuomba ruhusa mara moja kwa juma sasa aliletewa sinema sebuleni, na wengi walishukuru. Nyanya hakushukuru. Anasema: "Walituletea picha, wakatunyima watu."

Neno lake hilo tumelifikiri sana. Tunapohuzunikia majumba ya sinema huwa tunahuzunikia saruji na taa za rangi, na wanaume wa magazetini huandika juu ya usiku wao wa ujana. Wanawake walipoteza kitu kingine. Mwanamume wa pwani akifungiwa sinema anabaki na baraza, mkahawa, uwanja wa mpira na kiwanja cha bao. Mwanamke akifungiwa zanana anabakiwa na nini cha mjini kilicho chake? Tangu majumba yafe hatujajengewa mahali pengine ambapo wanawake mia tatu wa tabaka zote, tajiri na maskini, Mswahili, Mhadhrami, Mbarawa na Mhindi, huketi pamoja bila kualikwa na mwenye arusi.

Tunajua wako wasomaji watakaotuandikia kwamba sinema ilikuwa ufisadi na kufa kwake ni kheri. Barua kama hizo tumezizoea na tunaziheshimu. Mashekhe wa zamani walikemea, na hawakukemea hewa: mabango mengine yaliyotundikwa milangoni hayakufaa kutazamwa na mtu mzima sembuse mtoto, na usiku kumbi nyingine zilikuwa makao ya walevi. Lakini tuulizane kwa uadilifu. Filamu zimekwisha? Zimeongezeka mara elfu. Zimehama kutoka mahali penye mlango, saa maalumu, mlinzi na macho ya shangazi, zikaingia katika simu iliyo chini ya shuka. Katika ile zamu ya alasiri, jambo la aibu likitokea kwenye pazia, wazee walipiga kelele za kukemea na wasichana walifundishwa pale pale kipi cha kuonewa haya. Leo mtoto huliona peke yake, wala hakuna anayekohoa. Hata nchini Saudia, ambako kumbi zilikuwa zimefungwa kwa zaidi ya miaka thelathini, sinema zilifunguliwa tena mjini Riyadh mwezi wa Aprili 2018. Hatusemi kwamba kila lifanywalo huko ni hoja ya sheria. Tunasema mjadala huu haujafungwa popote, na kuufunga kwa neno moja si insafu.

Nairobi tunakwenda mara kwa mara kutoka hapa Mumbuni, na njia nzima ni makaburi ya sinema. Ukiwa kwenye matatu utasikia kondakta akiita "Globe", nayo ni sinema ambayo vijana wa leo hawakuikuta. Jina limebaki la mzunguko wa barabara. Barabara ya Thika kuna "Drive-In", na mahali pale watu walitazama filamu wakiwa ndani ya magari yao, pazia likiwa kubwa kama ukuta wa ghorofa. Dar es Salaam nayo ilikuwa na uwanja wa namna hiyo tangu mwaka 1966. Wamarekani wakaja kujenga ubalozi wao hapo. Kumbi kadhaa za katikati ya Nairobi zimegeuka makanisa. Hatuna ugomvi na jirani zetu Wakristo kwa hilo. Tena tuseme ukweli: jumba lililogeuka kanisa lina paa, lina rangi, na linafagiliwa, kuliko lile lililogeuka ghala la mitumba. Huko Ngara iliyokuwa sinema ya Shan imekuwa ukumbi wa sarakasi na michezo wa Sarakasi, na vijana wanajifunza humo mpaka leo. Jengo si lazima lirudie kazi yake ya kwanza ili liokoke. Linataka kazi.

Majestic ya Vuga imesubiri kazi hiyo kwa muda mrefu, paa likianguka na mvua ikiingia. Shirika la Hifadhi Zanzibar limebeba mpango wa kulifufua liwe tena mahali pa filamu na utamaduni. Cine Afrique haikubahatika hivyo; ilibomolewa ikaachwa sura yake ya mbele tu, kwa ajili ya biashara. Mji Mkongwe uko katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000, na bado Beit al-Ajaib iliporomoka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020 watu wakitazama. Kama kasri la sultani linaanguka, nani atashika ukuta wa sinema? Hapa Kenya ipo Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Kitaifa ya mwaka 2006, ambayo kwayo jengo la zamani laweza kutangazwa katika Gazeti la Serikali kuwa mnara wa kumbukumbu. Ngome, misikiti na nyumba za wakoloni zimenufaika. Sinema hazijapata watetezi wengi, labda kwa sababu waliozipenda zaidi walikuwa watoto na wanawake.

Hapa kwetu hatuna hata ukuta wa kutetea. Mumbuni ni mtaa wa shule, nyumba za kupanga na mashamba madogo, wala hatuna jumba la sinema. Mwaka 2013 serikali ya kaunti ilitangaza mpango wa Machawood, wa kuufanya Machakos kuwa mji wa kutengeneza filamu, na tulifurahi, ingawa tulijiuliza zitatazamwa wapi. Vijana wana vibanda vya video: mpira wa Uingereza mwishoni mwa juma, na siku nyingine filamu za mapigano zilizosimuliwa kwa Kiswahili na DJ Afro, ambaye, tukubali asikasirike mtu, anafanya kazi ile ile aliyoifanya Nyanya safu ya tatu katika sinema ya Mombasa. Mwanamke haingii humo. Hakuna aliyemkataza kwa maandishi, haingii tu.

Basi baada ya habari ya sanduku, mabinti wawili wa hapa walitoa shauri. Walisema Nyanya apewe alasiri moja. Filamu aliyoitaka ilijulikana: Mother India, ya mwaka 1957, ya Mehboob Khan, ambayo ndani yake Nargis ni mama aliyeachwa na watoto, shamba la mawe na deni la mwenye riba. Tulikuwa tumeshajaribu kumwonyesha kwenye kompyuta ya nyumbani. Alisikiliza nusu saa, akauliza, "Mbona hakuna anayelia?" akaenda kulala.

Tuliomba ukumbi mmoja wa karibu tukanyimwa, kwa sababu msimamizi alidhani tunaandaa disko la wanawake. Hatukubishana. Jirani yetu alitoa ua wake, tukakodi turubai la arusi, tukalifunika pande zote, tukatundika shuka jeupe. Projekta tulikodi kwa kijana wa kibanda cha video. Alifunga mashine yake, akaelezwa kwa upole kwamba yeye atakaa nje nyuma ya pazia la kanga, na picha ikikwama tutamwita kwa kukohoa. Alikubali, kijana mwema, na aliitwa mara nne.

Walikuja wanawake arobaini na kitu. Wengine ni wa asili ya pwani, wengine Wakamba waliozaliwa katika Uislamu au walioingia, na wachache ni majirani wasio Waislamu walioleta viti vyao wenyewe. Mama mmoja aliondoka na binti zake wimbo wa kwanza wa kucheza ulipoanza, akatuaga kwa heshima. Alituandikia baadaye kwamba tungechagua filamu na kuikata kabla, na shauri lake tumelipokea. Waliobaki, hakuna aliyejua Kihindi isipokuwa mmoja. Nyanya, ambaye alikuwa hawezi kuona zaidi ya vivuli kwenye shuka, alisikiliza sauti na akaanza kutafsiri. Alijua nani anaingia kabla hajaingia. Binti wa Kikamba aliyekaa karibu naye akamfasiria susu wake kwa Kikamba, na hivyo maneno ya Bombay yakapita Mombasa yakafika Ukambani, kwa kuchelewa kidogo, kicheko cha safu ya mbele kikitangulia cha safu ya nyuma.

Palipofika pale ambapo mama analima ardhi ya mawe kwa mikono yake, na jembe la kukokotwa linavutwa na mtu kwa sababu ng'ombe hakuna, yule susu alisema jambo kwa sauti, na wanawake wa Kikamba wote wakaitikia. Tuliuliza. Alisema: "Huyu ni wa mwethya wetu." Wasomaji wa pwani wasiojua, mwethya ni umoja wa kazi wa Wakamba, na katika vikundi hivyo wanawake wa Machakos walichimba makinga maji kwenye milima hii yote, ndiyo matuta mnayoyaona mkija kwa gari. Filamu imetengenezwa India, na bibi wa Mumbuni amejiona ndani yake. Wakati wa asiri tulisimamisha, tukasali pale pale uani, tukarudi. Filamu za Kihindi zina mapumziko katikati, na hakuna aliyeona kwamba limekatizwa jambo.

Mwisho wake wengi wenu mnaujua. Mwana mpendwa, aliyeharibika kwa chuki, anamteka binti wa yule mwenye riba, na mama anasimama na bunduki mbele ya mwanawe kwa ajili ya heshima ya msichana asiye wake. Nyanya alinyamaza. Hakutafsiri neno hata moja. Wala hakuna aliyemwuliza. Turubai lote lilikuwa linalia, susu analia, mwenye ua analia na birika mkononi, na Nyanya akasema polepole: "Hii sasa ndiyo sinema."

Binti mmoja alikuwa anairekodi sauti ya Nyanya kwa simu tangu mwanzo. Tulipokwenda kuisikiliza usiku tulikuta simu ilijaa baada ya dakika arobaini. Kipande cha asiri mpaka mwisho hakipo. Tumehuzunika kuliko tulivyotarajia. Hata filamu zenyewe hupotea hivyo. Alam Ara, filamu ya kwanza ya Kihindi yenye sauti, iliyotoka Bombay mwaka 1931, haina nakala inayojulikana popote duniani. Filamu za zamani zilikuwa za namna inayoshika moto upesi, na zilizofuata, zikikaa katika joto na unyevu kama wa pwani, huoza zikatoa harufu ya siki. Mama yeyote akifungua kabati la marehemu akakuta mkebe wa bati unaonuka kama achari, asiutupe. Ajue ni filamu inayokufa, auweke mahali pakavu pa baridi na awaulize watu wa makumbusho.

Wako wanaohangaika zaidi yetu. Katika filamu ya Talking About Trees ya mwaka 2019 wazee wanne wa Sudan wanataka kufungua tena sinema ya wazi huko Omdurman. Wanafagia, wanatengeneza pazia, wanazunguka ofisi kwa ofisi wakitafuta kibali, na hawakipati. Mogadishu iliwachukua miaka thelathini. Mwaka 2021 filamu zilionyeshwa tena katika Jumba la Taifa la Michezo, lililokuwa limebomolewa na vita na mabomu. Unguja, tamasha la ZIFF limekuwa likionyesha filamu Ngome Kongwe tangu mwaka 1998, na lina maonyesho ya wanawake na ya vijijini, Unguja na Pemba. Mombasa na Lamu hatuna cha kulinganisha, nasi tunawaambia ndugu zetu wa huko waone wivu kidogo.

Tunaomba, kama ilivyo ada ya safu hii, wasomaji watuletee walichonacho: vipande vya tikiti, matangazo, picha zilizopigwa mlangoni, na zaidi ya yote sauti za mama zetu. Tuandikieni jumba gani, mtaa gani, zamu ilikuwa siku gani, nauli ilikuwa kiasi gani, nani alikuwa akitafsiri safu yenu. Rekodini kwa simu isiyojaa. Wenye kutuletea karatasi za asili tutazipiga picha na kuzirudisha mkononi mwao siku hiyo hiyo, inshallah.

Nyanya amevirudisha vipande vyake katika bahasha, isipokuwa kimoja alichompa susu wa jirani, ambaye amekitia katika kitambaa cha kufungia pesa zake. Wawili hao wamekwisha kupanga alasiri nyingine baada ya mavuno, na safari hii wanataka ya Kimisri. Jana, wakati wa kuagana, Nyanya alituita turudi mlangoni. Tulidhani ni dua. Alisema tumwambie yule kijana wa mashine aje na waya mrefu zaidi, maana mara iliyopita mtu aliukanyaga katikati ya wimbo.